Ngoma za Saa Moja

Nilikuwa nikiuza nyimbo kwa kipimo, kama mafuta ya taa. Mteja alileta memori kadi, akasema "niwekee za hamsini," nami nikaichomeka kwenye kompyuta na kumjazia benga, reggae, injili na ngoma za Dandora mpaka pesa yake iishe. Kibanda changu kiko Kisumu Ndogo, hapa Kibera, ubavuni mwa fundi wa redio, na miaka hiyo nilijua mtaa unapenda nini kabla ya mtangazaji yeyote kujua. Baadaye kila mtu akapata simu yenye intaneti, biashara ikafa. Siku hizi nauza chaja, kava za simu na laini. Usiku, kabla sijafunga, nawasikia vijana wa ploti ya nyuma wakifoka mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye debe la rangi.

Ni mbogi, yaani kundi, ya marapa. Mara wako wanne, mara saba, kutegemea nani kapata kibarua cha usiku. Jina lao silitaji kwa kuwa wameniomba, na hata ningelitaja, mwezi ujao wangekuwa na jingine. Ninachotaka kueleza ni wanavyotoa nyimbo zao, maana kwa mtu aliyekula kwa kuuza nyimbo, jambo hili ni la ajabu. Wiki nzima wanatunga. Ijumaa wanaingia laivu TikTok, wanaipiga ngoma mpya, watu wakiandika "rudia" wanairudia, kisha basi. Haipandishwi YouTube. Boomplay haiko, Mdundo haiko. Kama hukuwepo, utasimuliwa. Na hawadai hata ndururu.

"Mathe, hiyo ilikuwa ya siku hiyo," ndivyo anavyonijibu yule mshika simu kila nikimuuliza ngoma ya wiki iliyopita iko wapi.

Nilidhani ni utoto tu, kumbe wakubwa walishapita njia hiyo. Mwaka 2020, corona ilipowafungia watu majumbani, kundi la rap la Marekani liitwalo Brockhampton, lililoanzia Texas na kuhamia Los Angeles, lilianza matangazo ya moja kwa moja kwenye YouTube na kuyaita Technical Difficulties. Humo walipiga nyimbo mpya, wakawaachia watu wazisikilize bure kwa muda, kisha wakaziondoa. Machi ya mwaka huohuo dijei wa Marekani, D-Nice, alikuwa akipiga muziki nyumbani kwake kupitia Instagram, na usiku mmoja waliojiunga walipita 100,000. Huku kwetu kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, vilabu vikafungwa, na madijei wa Nairobi nao wakahamia kwenye simu. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Watu walikuwa wameshazoea.

Ila Brockhampton walikuwa na mkataba na kampuni ya muziki ya RCA na albamu tano sokoni. Kwao wimbo wa kupotea ulikuwa nyongeza. Hawa majirani zangu hawana mwingine.

Nilipouliza kwa nini hawaziachi zibaki, sababu ya kwanza niliyopewa haina ushairi wowote: bando. Wengi hapa mtaani hununua data ya saa moja, ile ya karibu bob 20. Inakupa megabaiti nyingi kwa pesa kidogo, lakini saa ikiisha imekwisha, hata kama hukuigusa. Wenye laivu wanalijua hilo vizuri. Wanaanza saa tatu kamili ili watu wajue wakati wa kununua, wanapiga stori na ngoma za zamani kidogo, na kabla ya saa nne kasorobo ngoma mpya imeshapigwa, kwa sababu dakika za mwisho majina huanza kukatika kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Nyimbo zao nazo zimefupika. Hakuna ubeti wa tatu. Wasomi wa muziki wakija siku moja kuuliza kwa nini rap ya Kibera ina beti mbili, waanze na bei za data.

Kwa hiyo, "bure" hiyo wanayoitangaza inahitaji maelezo. Mfokaji hakulipwa, lakini msikilizaji amelipa, na pesa imekwenda kwa kampuni ya simu. Zamani hamsini ya memori kadi iliishia mfukoni mwangu, na msanii hakuiona pia. Wapokeaji wamebadilika tu.

Sababu ya pili ni biti. Vijana hawa hawana pesa za kumlipa prodyusa kila wiki, basi wanachukua biti za mtandaoni, au wanakata kipande cha wimbo wa zamani na kukizungusha. Si wao tu. Arbantone, mtindo uliotikisa matatu za Nairobi juzijuzi, umesimama juu ya riddim za dancehall na nyimbo za genge ambazo sisi wakubwa tulizichezea. YouTube ina mitambo inayotambua vipande kama hivyo. Mwenye haki akilalamika rasmi, chaneli hupata onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga kabisa, pamoja na kila kilichomo. Laivu nayo inaweza kunyamazishwa ghafla, nimeona ikitokea, lakini hasara ni ya usiku mmoja. Wanaanza tena Ijumaa ifuatayo.

Ya tatu hawakunitajia wao, ila naikumbuka. Mwaka 2018 vijana wa Ethic walitoa "Lamba Lolo", wimbo uliorekodiwa bila makuu, na mtindo wa gengetone ukazaliwa. Mwaka uliofuata Sailors wakaja na "Wamlambez", nayo ikawa salamu ya mji mzima. Kisha Novemba 2019 Ethic wakatoa "Tarimbo". Watu walilalamika kwamba unashabikia ubakaji, Bodi ya Uainishaji wa Filamu chini ya Ezekiel Mutua ikaingilia, wimbo ukaondolewa YouTube na kundi likaomba radhi. Mimi ni mama wa wasichana. Wimbo ule sikuulilia. (Mutua mwenyewe baadaye, mwaka 2022, akawa mkuu wa MCSK, chama kilichokuwa kikiwakusanyia wanamuziki mirabaha. Kenya ina mizaha yake.) Vijana walijifunza somo ambalo pengine halikukusudiwa: kilichopandishwa kinaweza kuteremshwa na mtu mwingine, basi afadhali ukiteremshe mwenyewe. Hapo sikubaliani nao kikamilifu. Laivu haina mhariri, na mistari mingine niliyoisikia kupitia ukuta wa mabati ingefaa ikutane na mhariri, au hata na nyanya yao.

Hata hivyo, sababu hizi zote hazikuniridhisha mpaka nilipoketi na simu yangu na kuwatazama mwanzo hadi mwisho. Mtu mmoja aliandika jina lake na upande anaokaa, akatuma shilingi 50 kwa namba iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni. Biti ikateremshwa. Mfokaji aliacha mistari yake katikati akamgeukia yule mtu: jina lake, ploti yake, bodaboda yake, na msichana asiyejibu meseji zake. Biti ikapanda tena. Hazikupita sekunde nyingi, mwingine akatuma mia ili amjibu wa kwanza. Nilicheka peke yangu kibandani. Hii naijua, nikasema. Hii ni pakruok ya Wajaluo.

Asiyewahi kuingia kilabu cha ohangla au benga nimweleze. Bendi inapiga, watu wanacheza. Mteja anainua mkono na kutoa pesa. Muziki unashushwa au unanyamaza kabisa, naye anashika maikrofoni na kujisifu mbele ya ukumbi: yeye ni nani, anatoka kwa nani, Siaya au Homa Bay, shemeji yake ni mtu wa namna gani, na akipita watu husema nini. Anamsifu rafiki yake aliye meza ya pili. Rafiki hawezi kunyamaza. Anatoa pesa zaidi, anajibu. Muziki unarudi, unakatwa tena. Wapiga nyatiti walikuwa wakituzwa hivyo tangu kabla ya magitaa ya umeme. Mgeni atasema bendi hii haijui kumaliza wimbo. Mwenyeji anajua kwamba hakuna aliyelipia wimbo. Wimbo ni wa kila aliyemo ukumbini, mlevi na mwenye maji tu mezani. Kinacholipiwa ni jina lako kutamkwa watu wakisikia, na jambo hilo halina maana likifanywa kesho, wala likifanywa ukiwa hupo.

Mtaa huu umekaliwa na watu wengi wa Nyanza tangu zamani, nami nimekua nikizisikia sifa hizo zikivuka reli Jumamosi usiku. Vijana wa ploti hawakubaliani na ukoo ninaowapa. Mmoja ni Mnubi wa Makina, mwingine mama yake ni wa Vihiga, na wote wanasema mambo haya wameyatoa TikTok. Sibishani nao. Ila nimegundua kwamba ngoma inayopotea sasa inaeleweka. Ingekuwa imepandishwa mahali, ungeisikiliza Jumatatu kwenye matatu bila haja ya kumtumia mtu chochote. Kwa kuwa haibaki, lazima uwepo. Na ukiwepo, utataka ijulikane kwamba ulikuwepo.

TikTok yenyewe ina njia yake ya kutuza. Ukishafikisha umri wa miaka 18 na wafuasi wasiopungua 1,000 kwa kawaida, unaruhusiwa kwenda laivu, na watazamaji hununua sarafu za humo na kukutumia zawadi za picha, kuanzia waridi la sarafu moja. Lakini kampuni hubaki na takriban nusu, na kilichobaki huchukua muda kufika. Ndiyo maana kile kipande cha katoni hakiondoki. M-Pesa inaingia hapo hapo, simu inatetemeka, jina la mtumaji linaonekana, na jina ndilo mfokaji analolihitaji ili aanze kazi. Usiku mzuri unalipa bando, chapati madondo za wote na akiba kidogo ya studio. Usiku mbaya stima inapotea saa tatu na dakika tano.

Kuna Ijumaa nyingine wanagawana skrini na wenzao wa Kawangware, upande huu nusu, upande ule nusu, wakirushiana mistari. Jambo hili linanifurahisha kwa sababu ya redio. Pamoja FM yetu ya Kibera iko 99.9. Mtaani FM ya Kawangware nayo iko 99.9. Redio za jamii hupewa nguvu ndogo ya mawimbi, kwa hiyo zinaweza kutumia namba moja bila kugongana: ukitoka mtaa mmoja kuelekea mwingine, sauti ya kwanza inafifia na kwa namba ileile unakutana na sauti nyingine. Vijana wa mitaa hii miwili walikua wakisikiliza namba moja bila kusikilizana.

Sasa nirudi kwenye uuzaji wangu, maana hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Waliotoka Kibera wakajulikana walitoka na nyimbo zilizobaki. Octopizzo alibeba namba 8, ya matatu za hapa, akaifanya Namba Nane jina la watu. Stivo Simple Boy alitoka na "Mihadarati". Wote wawili niliwajaza kwenye kadi nyingi, na kadi hizo zilikwenda Kakamega na Mombasa ambako wenyewe hawajulikani kwa sura. Wimbo wa laivu hauwezi kusafiri hivyo. Hauwezi kuwekwa Skiza mtu aununue usikike na wanaompigia simu. Dijei wa matatu hawezi kuuchanganya.

Tena kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na si lazima asajili kazi ndipo alindwe, ingawa bodi ya hakimiliki, KECOBO, husajili na cheti chake husaidia mkishitakiana. Lakini sharti ni kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo fulani linaloshikika. Mistari iliyofokwa hewani bila kuandikwa wala kurekodiwa popote haina kinga hiyo. Mtu aliyekuwa akitazama Ijumaa akiichukua, akaingia studio Jumamosi na kuitoa kwa jina lake, utamshitaki kwa ushahidi gani?

Niliwaambia hivi: usiku ufuteni kwa watu, lakini kwenu bakini na nakala. Rekodini kwa simu ya pili, hata sauti tu. Andikeni tarehe, nani alitunga ubeti gani na biti ilitoka wapi, maana siku pesa ikija ndipo kila mtu atakumbuka kwamba kiitikio kilikuwa chake. Mshika simu alisema, "Sawa Mathe, tumeskia." Nikamuuzia memori kadi kwa bei ya jirani.

Mwezi mmoja baadaye walinijia wote pamoja. Prodyusa fulani alikuwa amewapa saa mbili za studio na alitaka ile ngoma ya kinyozi, ambayo watu waliomba irudiwe mara tatu. Wawili waliikumbuka tofauti. Kadi niliyowauzia ilikuwa imejaa picha za mechi. Bahati yao, usiku ule nilikuwa nimeirekodi kwenye simu yangu, ukuta wa mabati ukiwa kati yetu na mtoto wa jirani akilia kwenye ubeti wa pili. Nikawaambia ni hamsini. Wakanisifu kwa beti nne pale pale mlangoni, jina langu na la marehemu mama yangu, na kibanda, na chaja zangu feki, mpaka wateja wakasimama. Niliwapa bure. Daftari la nani alitunga nini wanasema wameshalianza. Nimeomba kuliona, bado.