Wenye Mali wa Uskoti na Muungano wa 1707

Wasomaji wetu wamezoea kuwaita watu wote wa kisiwa kile Waingereza. Lakini Waskoti, ambao Dr. Livingstone alikuwa mmoja wao, ni taifa mbali, nao hawapendi kuchanganywa na watu wa England. Nchi hizo mbili zimekuwa chini ya Bunge moja tangu mwaka 1707.

Tarehe 18 Septemba, 2014, Waskoti waliulizwa kwa kura kama wataka kujitenga. Katika kila wapigaji kura mia, 55 walikataa. Glasgow na Dundee, miji yenye mitaa mingi ya watu maskini, ilikubali. Edinburgh, mji wa mabenki na wanasheria, ilikataa kwa 61 katika mia. Na East Renfrewshire, wilaya ya watu wenye mapato mema karibu na Glasgow, kwa 63.

Sababu yao si ngumu kufahamu. Mtu aliyenunua nyumba kwa mkopo wa Benki, tena atazamiaye pensheni, huuliza kwanza: nitalipa na kulipwa kwa fedha gani? Serikali ya London ilikuwa imekwisha sema haitashirikiana paundi na Uskoti iliyojitenga, na mabenki makubwa yakatangaza kuwa yangehamishia makao yao England. Kadhalika watetezi wa muungano waliwaambia watu ya kuwa kujitenga kungewatoa katika Umoja wa Ulaya.

Basi tarehe 23 Juni, 2016, dola nzima ya Uingereza ikapiga kura, na 52 katika mia wakachagua kutoka katika Umoja huo. Uskoti ilitaka kubaki, kwa 62 katika mia. Na huko Edinburgh na East Renfrewshire, zile zile zilizoukataa utengano, 74 walitaka kubaki. Walikuwa wameushika muungano mmoja wasipate hasara, nao ukawatoa katika mwingine! Kura ni siri, wala hesabu ya wilaya haionyeshi moyo wa kila mtu. Lakini uchunguzi wa maoni uliofanywa baadaye ulionyesha baadhi ya waliokataa mwaka 2014 wakigeuka. Katika mwaka 2020, mara nyingi waliotaka kujitenga walizidi nusu.

Twaona hofu yao ilikuwa ile ile ya hasara, ila sasa ilikuwa na pande mbili. Zaidi ya nusu ya bidhaa na huduma ambazo Uskoti huuza nje ya mipaka yake hununuliwa katika sehemu nyingine za dola hiyo, hasa England, na forodha mpakani ingemwumiza mfanyi biashara kuliko forodha ya Ulaya. Kwa hiyo wengi wa wenye mali hawakugeuka. Tena kulikuwa na Waskoti waliotaka kujitenga mwaka 2014 ambao, kwa kuuchukia Umoja wa Ulaya, walirudi nyuma.

Mwezi Novemba, 2022, Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine ya namna hii kwa amri yake lenyewe. Katika uchaguzi wa Julai, 2024, chama kinachotaka kujitenga kilipata viti 9 tu katika 57 vya Uskoti, ingawa waliotaka kujitenga walikuwa bado karibu nusu ya watu.