Paa Hufunguliwa Mara Moja: Kukarabati Nyumba ya Zamani na Kujenga Vyumba Darini Ujerumani

Nyumba nyingi za familia zilizojengwa Ujerumani katika miaka ya 1950 na 1960 zinafanana: ghorofa moja au mbili za matofali, chumba cha chini ya ardhi chenye mtambo wa kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto, na paa la vigae lenye mteremko mkali. Chini ya paa hilo kuna dari pana ambamo familia huanika nguo na kuweka masanduku. Nyumba hizo zilipojengwa, mafuta yalikuwa rahisi na joto lililopotea kupitia ukutani halikumsumbua mtu. Hali iligeuka bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973. Kanuni ya kwanza ya Ujerumani Magharibi iliyotaka majengo yazuie upotevu wa joto ilianza kutumika Novemba 1977. Nyingi ya nyumba zilizotangulia zilibaki zilivyo, na watu wanaendelea kuishi ndani yake.

Nyumba ya aina hiyo isiyokarabatiwa kwa kawaida hutumia kilowati-saa 200 au zaidi kwa mwaka kupasha joto kila mita ya mraba. Lita moja ya mafuta hutoa takriban kilowati-saa 10. Kwa hiyo nyumba ya mita za mraba 120 huchoma kiasi cha lita 2,400 kila mwaka, na fedha nyingi za familia huishia hewani kupitia ukutani, madirishani na darini.

Wahandisi hupima upotevu huo kwa kuuliza swali moja: mita moja ya mraba ya ukuta hupitisha wati ngapi pale ndani panapokuwa na joto kuliko nje kwa nyuzi moja? Ukuta mnene wa matofali usio na kitu cha kuuhami hupitisha wati 1.5 hivi. Siku ambayo nje ni nyuzi sifuri na ndani ni nyuzi 20, mita za mraba 100 za ukuta huo hupoteza wati 3,000 mfululizo, usiku na mchana. Sheria ya nishati ya majengo ya mwaka 2020 inataka ukuta unaokarabatiwa usizidi wati 0.24. Ukuta ukifikia kiwango hicho, upotevu hushuka hadi wati 480. Kiwango hichohicho hutakiwa kwa paa lenye mteremko. Dirisha la kioo kimoja hupitisha wati 5 au zaidi, ilhali dirisha la kisasa lenye vioo vitatu hushuka chini ya wati 1.

Utaratibu wa kazi una uzito kuliko wenye nyumba wengi wanavyodhani. Wengi huanza na madirisha, kwa sababu yanaonekana na kazi yake huisha upesi. Madirisha ya zamani yalivujisha hewa, na kioo ndicho kilichokuwa baridi kuliko sehemu nyingine zote, hivyo mvuke wa kupikia na kuoga uligeuka maji hapo na kufutwa kwa kitambaa. Likiwekwa dirisha jipya linalobana, sehemu ya baridi zaidi huwa ni pembe ya ukuta, na mvuke hugeuka maji huko nyuma ya kabati. Hewa yenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 9 hivi. Ukuta huota ukungu hata kabla haujafikia baridi hiyo. Ndiyo maana madirisha na ukuta hupangwa pamoja, hata kama fedha zitatoka kwa awamu.

Darini ndipo penye uamuzi mkubwa. Dari isiyokaliwa ni rahisi kuhami: tabaka la pamba ya madini au la karatasi zilizosagwa hutandazwa juu ya sakafu yake, na joto hubaki vyumbani chini. Ni kazi chache katika nyumba nzima zinazorudisha gharama yake upesi hivyo, na kwa kawaida sheria humtaka anayenunua nyumba ya zamani aifanye ndani ya miaka miwili, ikiwa sakafu ya dari wala paa havijahamiwa. Lakini dari ikigeuzwa vyumba, mpaka kati ya joto na baridi huhama kutoka sakafuni hadi kwenye mteremko wa paa. Kila kipande cha mteremko, pamoja na kuta za pembetatu za pande mbili, sasa kinalindwa kama ukuta wa nje. Anayehami sakafu mwaka huu na kujenga vyumba mwaka kesho amelipia kazi moja mara mbili.

Kabla ya kujenga vyumba, mhandisi hukagua mbao. Sakafu ya dari ilihesabiwa kubeba masanduku, haikuhesabiwa kubeba vitanda, kuta na bafu, kwa hiyo mara nyingi boriti zake huimarishwa. Mapaa nayo hutofautiana. Katika aina moja, mapau hulala juu ya boriti za mlalo zinazoshikiliwa na nguzo. Katika nyingine, mapau mawili huegemeana juu, na boriti za sakafu huyazuia yasisukumane nje. Katika aina hii ya pili, fundi akikata boriti ya sakafu ili kupitisha ngazi bila kuweka fremu ya kubeba msukumo, paa zima huweza kuanza kutanuka.

Mapau ya zamani mara nyingi yana kina cha sentimita 12 hadi 14. Pamba ya madini ikijazwa katikati yake tu, kiwango cha wati 0.24 hakifikiwi, kwa sababu kiwango hicho huhitaji pamba ya kiasi cha sentimita 18 hadi 20, na mbao zenyewe hupitisha joto kuliko pamba. Fundi anaweza kuunga mbao za ziada upande wa ndani, lakini chumba hupungua kimo. Njia bora ni kuhami juu ya mapau kwa mbao laini za nyuzi za miti, kisha vigae hurudishwa. Njia hii hugharimu zaidi, lakini ikiwa vigae vimechakaa na vingebadilishwa vyovyote vile, jukwaa la mafundi hulipiwa mara moja kwa kazi zote.

Upande wa ndani hutandazwa utando wa kuzuia mvuke, na kazi hii haisamehi uzembe. Mwanya mdogo tu pembeni ya bomba au waya huingiza hewa yenye unyevu katikati ya pamba, ambako inageuka maji na kuozesha mbao bila kuonekana kwa miaka. Nyumba yenye mwanya kama huo huwa kama chupa ya chai isiyo na kifuniko: ukuta wake ni mzuri, lakini joto linatokea mdomoni. Kwa hiyo kabla ya kuweka mbao za gipsamu, feni hufungwa mlangoni, tofauti ya shinikizo la hewa ya paskali 50 huundwa, na mafundi hutafuta mianya kwa moshi au kwa mkono. Nyumba iliyobana hivyo huhitaji mpango wa kuingiza hewa safi, ama kwa kufungua madirisha kwa utaratibu au kwa feni zinazorudisha joto la hewa inayotoka.

Baridi si tatizo pekee la darini. Wakati wa kiangazi vigae hupata moto, na waliowahi kulala chini ya mabati Dodoma au Kisumu wanaijua hali hiyo. Mbao za nyuzi za miti, kwa kuwa ni nzito kuliko pamba, huchelewesha joto hadi usiku. Hata hivyo jua linaloingia dirishani ndilo baya zaidi, na pazia la nje hulizuia vizuri kuliko la ndani.

Katika hesabu rasmi ya eneo la kuishi, sehemu yenye kimo cha mita 2 au zaidi huhesabiwa yote, ya kati ya mita 1 na 2 huhesabiwa nusu, na iliyo chini ya hapo haihesabiwi. Dirisha lenye kuta na paa lake linalochomozwa kwenye mteremko huongeza kimo, ila mara nyingi huhitaji kibali, na majimbo 16 yana kanuni tofauti. Vyumba vya darini huhitaji pia njia ya pili ya kutorokea moto. Kwa kawaida dirisha lenye upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 120 linatosha.

Mtambo wa kupasha joto huja mwisho. Pampu ya joto, ambayo kwa kilowati-saa moja ya umeme inaweza kutoa tatu au nne za joto, hufanya kazi vizuri maji ya kwenye radieta yasipozidi nyuzi 55. Katika nyumba isiyohamiwa, joto hilo mara nyingi halitoshi. Baada ya paa na kuta kukamilika, radieta zilezile za zamani mara nyingi hutosha, na chache tu katika vyumba vya baridi hubadilishwa kwa kubwa zaidi. Pampu yenyewe inaweza kuwa ndogo kuliko ile ambayo ingenunuliwa mwanzoni.