Likizo ya Juni Tarime na Serengeti: bustani, kitalu au kisiki?

Shule za sekondari hufungwa mwanzoni mwa Juni kwa takriban mwezi mmoja. Kwa mzazi wa Sirari, Nyamongo, Mugumu au Natta, huo ndio mwezi wa kuamua. Mtoto aende twisheni, achunge mifugo, au aungane na wenzake kulima bustani ya pamoja na kurudisha uoto wa asili uliofyekwa? Makala hii inaliangalia hilo la tatu, na inaanza na gharama. Kazi ya kujitolea nayo ina bei, ila mara nyingi bei hiyo haiandikwi kwenye tangazo.

Gharama ya kwanza ni maji. Juni huku ni mlango wa kiangazi. Milima ya Tarime bado hupata mvua za hapa na pale, lakini ukiteremka kuelekea Mugumu na Robanda ardhi hukauka mpaka vuli ianze, Oktoba au Novemba. Chukua mche mmoja uliopandwa Juni. Ukiumwagilia lita 5 mara mbili kwa wiki, kwa wiki 17 tu, utakuwa umekunywa lita 170, yaani madumu manane na nusu ya lita 20. Miche 100 itakunywa madumu 850. Mche wenyewe huenda mtoto akapewa bure, kwa kuwa kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, na miche ya kampeni hizo hugawiwa shuleni na vijijini. Lakini mche wa bure wa mwezi Juni ni ghali kuliko mche wa kununua wa mwezi Novemba. Na wabeba madumu, katika nyumba nyingi za mkoa wetu, ni mabinti.

Ndiyo maana siwashauri wazazi kumpeleka mtoto kwenye zoezi la kupanda miti wakati wa likizo ya Juni, hata likiwa na fulana na picha nzuri. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, aliweka utaratibu wa kuwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche uliokuwa bado hai, si kwa kila mche uliofukiwa. Kipimo hicho kinatufaa na sisi. Mwandaaji yeyote wa kambi aulizwe kwanza: miche ya mwaka jana iko wapi, na mingapi imeota majani?

Bustani ya mboga ni jambo jingine. Mchicha huchumwa ndani ya wiki tatu au nne, hivyo mtoto anaanza na kuvuna katika likizo hiyohiyo. Kiroba kikuukuu kilichojazwa udongo na samadi, kikatobolewa pembeni, hubeba sukumawiki na mnavu kwa maji yaliyooshewa vyombo. Samadi ipo zizini. Kinachonunuliwa ni mbegu, labda na kopo la kumwagilia, na mboga inayochumwa inapunguza fedha ya sokoni kila siku. Kwa familia yenye bajeti finyu hakuna chaguo linalorudisha gharama haraka hivyo.

Tatizo ni mahali. Vikundi vingi hutamani ukingo wa mto, kwa sababu maji yako karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Mto Mara pamoja na vijito vyake havikusamehewa. Bustani iliyowekwa hapo inaweza kuondolewa, na jasho la watoto likapotea. Eneo hilo la mita 60 ndilo hasa la kuachiwa mikuyu na majani ya asili. Mikaratusi isipelekwe huko, maana hunywa maji mengi.

Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi kuna mnunuzi mwingine asiyelipa: tembo. Mahindi, ndizi na matikiti karibu na Park Nyigoti au Robanda ni kumwalika. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, lakini hakilingani na shamba lililopotea. Huko kikundi kifikirie pilipili, ambayo tembo haigusi, au mizinga ya nyuki, na mboga zibaki kwenye viroba karibu na nyumba.

Kitalu cha miche kinafaa sana Juni. Mbegu za migunga hukusanywa wakati wa ukavu, hulowekwa usiku kucha katika maji yaliyochemshwa ili ganda lilegee, kisha hupandwa kwenye viriba. Mgrevilea ulioatikwa Juni huwa tayari kwa shamba vuli ikiingia. Gharama ni viriba, kivuli cha nyasi na maji kidogo yanayomwagwa mahali pamoja, badala ya kutembeza dumu shamba zima. Tarime wana bahati ya kuwa na Mogabiri, kituo cha mafunzo ya kilimo cha Kanisa Anglikana. Inafaa kikundi kitembelee hapo kabla ya kununua chochote. Kasoro ya kitalu ni kwamba likizo huisha kabla ya kazi kuisha. Kama hakuna mtu wa kumwagilia Julai hadi Oktoba, usianze.

Sasa kisiki. Hili ndilo chaguo ambalo sijui kwa nini halizungumzwi zaidi mkoani Mara. Pale mti ulipokatwa kwa kuni au mkaa, mizizi mara nyingi iko hai na machipukizi yanaota kila mwaka, kisha mbuzi wanayala. Njia ya Kisiki Hai, iliyoenezwa Dodoma na LEAD Foundation, ina hatua nne: chagua machipukizi machache yenye afya, pogolea mengine pamoja na matawi ya chini, weka alama ya kitambaa ili watu wajue, kisha tunza na kulinda. Asili yake ya karibuni ni Niger, ambako Tony Rinaudo aliianza mwaka 1983, na leo zaidi ya hekta milioni 5 zimerudi kuwa na miti. Wenzetu wa Shinyanga nao, kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, walirudisha zaidi ya hekta 300,000 za ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, kwa kuyaachia maeneo yapumzike na kuyalinda.

Gharama yake ni panga, vitambaa vikuukuu na matawi ya miiba ya kuzungushia. Hakuna viriba wala madumu, kwa sababu mzizi umeshafika kwenye unyevu chini. Gharama halisi ni maelewano: baada ya mavuno ng'ombe na mbuzi huachiwa mashambani, kwa hiyo bila ridhaa ya mwenye shamba, wazee na serikali ya kijiji, kazi ya wiki nzima italiwa asubuhi moja. Vijana waende na mzee anayeheshimika kuomba. Jambo moja la usalama: gugu karoti likikutwa shambani lisishikwe kwa mikono mitupu, maana huwasha ngozi na kubana kifua. Glovu ziwe kwenye bajeti.

Wanaotaka mtoto akae kwenye kundi lililopangwa wana Malihai, iliyoanzishwa mwaka 1980, na Roots & Shoots, ambayo Jane Goodall aliianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Zote hupitia klabu za shule. Wilayani Serengeti, Grumeti Fund nayo hupokea wanafunzi wa sekondari kwa mafunzo ya mazingira, na nafasi hupitia shuleni pia. Klabu ikipanga safari ya Hifadhi ya Serengeti, angalieni umri: kwa viwango vya TANAPA vya miaka ya karibuni, Mtanzania wa miaka 5 hadi 15 hulipa Sh 2,000 na mtu mzima Sh 10,000, kabla ya VAT ya asilimia 18. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye miaka 15 huingia kwa Sh 2,360, na mwenzake wa miaka 16 kwa Sh 11,800. Safari ni nzuri, lakini ni matembezi. Haioteshi mti.

Kwa mabinti nina neno la ziada. Likizo ya Desemba huku ndiyo msimu wa ukeketaji, na vituo kama Masanga wilayani Tarime hupokea wanaokimbia. Mzazi akilinganisha kambi za Desemba, swali la nani analala na watoto na mlango unafungwa na nani linatangulia bei zote nilizotaja.

Ningekuwa na mtoto wa kidato cha tatu na fedha kidogo, Juni ningempa viroba vya mboga nyumbani na visiki vya shamba la ukoo, kitalu kikundi kikiwa na mtu wa kumwagilia, na kupanda kusubiri vuli. Mzazi, nenda ukaongee na mwalimu mlezi wa klabu kabla shule haijafungwa. Baada ya hapo ofisi imefungwa, na ufunguo wa ghala la majembe hujui uko kwa nani.