Maji Mengi Shambani Nayo Ni Hasara



Huenda ikashangaza kusoma onyo juu ya maji mengi katika Wilaya ya Same, ambayo tambarare zake hupata takriban milimita 500 tu za mvua kwa mwaka. Lakini uhaba wenyewe ndio mwanzo wa tatizo. Mkulima aliyengoja zamu ya mfereji kwa siku nyingi, asiyejua kwa hakika kama zamu ijayo itamfikia, hufungulia maji mpaka shamba lijae. Huona anaweka akiba. Udongo, hata hivyo, hauhifadhi zaidi ya kiasi chake. Yanayozidi huzama kupita mizizi, au hutuama.

Mizizi hupumua. Katikati ya chembe za udongo mna hewa, na maji yakiifukuza kwa siku kadhaa mizizi huanza kufa. Hapo mahindi na maharage hugeuka manjano na kunyauka, nayo dalili hiyo hufanana mno na kiu. Wengi huongeza maji tena, na kummaliza mgonjwa. Mbolea ya Urea, iliyonunuliwa kwa fedha ya kuungaunga, nayo husombwa hadi kusikofikiwa na mizizi. Kule milimani, tangawizi iliyotuamiwa na maji huoza ingali ardhini.

Tambarare zina hatari yake zaidi, nayo ni chumvi. Umwagiliaji uliopita kiasi huinua maji yaliyo chini ya ardhi. Yakikaribia juu, jua huyakausha na chumvi yake hubaki kama unga mweupe. Kuiondoa huhitaji maji safi ya kuisukuma chini pamoja na mitaro ya kuyatoa shambani, kazi ambayo wachache huimudu. Uko mpunga, bila shaka, ambao huvumilia maji yaliyosimama, kama wakulima wa skimu ya Ndungu wajuavyo. Hata huo majaruba yake hukaushwa kabla ya mavuno.

Kipimo hakihitaji mtambo. Kabla ya kufungulia maji, chimba hadi kina cha mizizi, uchukue udongo kiganjani na kuufinya. Ukisambaratika, shamba lina kiu. Ukishikamana bila kuchuruzika, maji yaliyopo yanatosha. Maji yakitoka vidoleni, umekwisha kuzidisha. Udongo wa mfinyanzi hukaa na maji muda mrefu kuliko wa kichanga, hivyo majirani wawili wasiigane bila kupima. Mwagilia asubuhi au jioni, tandaza nyasi kavu juu ya matuta, sawazisha shamba ili maji yasikusanyike upande mmoja, na uchimbe mtaro wa kutolea yaliyozidi.

Linabaki suala la zamu, ambalo kwa maoni yetu ndilo gumu kuliko yote. Wazee wa Upare walijenga ndiva ili kukusanya maji ya usiku na kuyagawa mchana kwa utaratibu. Utaratibu huo huyumba pale mtu anapoogopa kwamba akiiacha zamu moja ameipoteza. Kamati za maji zingefaa ziruhusu wazi kubadilishana: mwenye shamba lenye unyevu ampishe mwenzake leo, naye arudishiwe siku nyingine, na makubaliano yaandikwe kwenye daftari la kamati. Maji yaliyoachwa juu ndiyo yanayomfikia mkulima wa mwisho wa mfereji. Mwenye shaka na udongo wake amwone afisa ugani wa kata.