Kocha wa Chuo: Kazi au Kazi ya Ziada?



Hivi karibuni nilikuwa Mbeya, nikisubiri basi la kunirudisha Iringa, akaja kijana mmoja amebeba raketi ya tenisi begani. "Shikamoo mzee," akaniambia, "nimekutambua kwa sauti." Akanieleza kwamba anasomea ualimu na anataka awe kocha wa tenisi katika chuo, lakini baba yake amemwambia kuwa mchezo si kazi. Akaniuliza: "Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo?" Basi likafika kabla sijamjibu sawasawa. Leo namjibu.

Tuanze na Marekani, ambako kazi hii imekomaa. Huko kocha ni mwajiriwa wa chuo, kama alivyo mhasibu au mhadhiri. Na mechi ya vyuo si ya watu wawili tu. Kila timu hucheza michezo 6 ya mmoja mmoja na michezo 3 ya wawili wawili. Ile ya wawili wawili kwa pamoja hutoa pointi 1, na kila mchezo wa mmoja mmoja hutoa pointi 1. Jumla ni pointi 7, na timu inayofikisha 4 imeshinda. Maana yake ni kwamba bingwa mmoja hawezi kukishindia chuo. Pointi ya mchezaji wa sita ina uzito uleule wa pointi ya mchezaji wa kwanza, na kwa hiyo kocha hutumia muda mwingi kumwinua yule wa sita.

Tena kazi haiishii uwanjani. Kwa miaka mingi, katika daraja la juu la vyuo vya huko, timu ya wanaume iliruhusiwa udhamini kamili wa masomo usiozidi nafasi 4 na nusu. Kocha alilazimika kuugawa vipande vipande, huyu nusu, yule robo, na kuwashawishi wazazi wakubali. Na kwa kuwa mchezaji aliyeanguka masomoni hupoteza ruhusa ya kucheza, kocha hufuatilia pia mitihani.

Mfano mzuri ni Dick Gould wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alitoka kufundisha katika chuo kidogo cha jirani, akakabidhiwa timu ya Stanford mwaka 1966. Ubingwa wa taifa wa vyuo ulikuja mara ya kwanza mwaka 1973. Fikirieni, miaka ipatayo saba bila kombe hilo, na chuo hakikumwondoa! Alipoacha ukocha mwaka 2004 alikuwa ameshinda ubingwa huo mara 17. John McEnroe, ambaye dunia nzima inamjua, alikaa mikononi mwake mwaka mmoja tu, akatwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1978, akaenda zake kucheza kwa fedha. Wachezaji hupita, kocha hubaki. Huo ndio msingi wa kazi yenyewe.

Mtasema, hiyo ni Marekani yenye fedha. Haya, tuje jirani, Kenya. Mwaka 1976 Mtawa Colm O'Connell alitoka Ireland kwenda kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick, Iten. Hakuwa na ujuzi wa ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia, na hakuondoka. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyepitia kwake, alipata dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka 2012 David Rudisha akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London, kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kati ya kufika kwa mwalimu na mbio hizo za London ni miaka 36.

Na sisi? Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Kipaji kilikuwa cha kwetu, lakini chuo chenye kocha wa kudumu kilikuwa cha wenzetu.

Nikiwa mwanafunzi katika shule moja ya bweni mkoani Iringa, tulikuwa na mwalimu aliyetufundisha michezo baada ya vipindi vyake vya hesabu. Hakulipwa hata senti moja kwa hilo. Siku moja ikaja barua ya uhamisho. Mwezi uliofuata mipira ilifungiwa stoo, na sikuiona tena mpaka nilipomaliza. Sikumlaumu aliyeandika barua, maana alihamisha mwalimu wa hesabu. Hakujua kama anahamisha pia timu nzima.

Kijana wangu, Nyanda za Juu Kusini zinahitaji kocha anayezielewa. Miji ya Iringa na Mbeya iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, mpira wa tenisi huruka mbali na kudunda juu zaidi, wakati kiwanja ni kilekile cha mita 23.77. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka aina maalumu ya mpira kwa mahali palipo juu ya mita 1,219. Usipoupata, itakubidi uwafundishe vijana kuupiga mpira kwa kuuzungusha ili ushuke mapema. Hilo hujifunzwa kwa kukaa hapa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Maliza ualimu kwanza, maana ndio utakaokulisha wakati timu inakua. Anza na wanafunzi wachache. Andika kila siku walichofanya, ili hata ukihamishwa, atakayekupokea asianze upya. Nanyi wakuu wa vyuo, mwalimu wa michezo mpeni cheo, saa zake na bajeti yake, hata iwe ndogo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Na anayewafundisha hao wachezaji naye atunzwe.

Kwa baba wa kijana huyu, nasema kwa heshima: ni kazi, mzee wangu. Ila matunda yake huchelewa kuiva.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.