Magurudumu Manne, Breki Zile Zile

Mpwa wangu amepata fedha za gari lake la kwanza la spoti. "Mjomba," kaniuliza, "ninunue linalosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne?"

Safari Rally haitoi jibu moja. Mwaka 1986 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica ya kusukumwa nyuma; 1987 Hannu Mikkola akashinda kwa Audi 200 ya magurudumu manne.

La kusukumwa nyuma, ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona yenye maji, mkia hutoka. Lakini ni jepesi zaidi, lina vyuma vichache vya kutengeneza, na hufundisha mguu adabu. La manne huondoka vizuri mvuani na kwenye tope. Mtego uko hapo: kuondoka si kusimama. Magari yote hufunga breki kwenye magurudumu manne, na kinachoshika lami ni tairi.

Nikamwambia: kama masika yote unapita njia ya udongo, chukua la manne. Kama ni lami, la nyuma lenye nguvu za kiasi latosha. Lolote utakalochagua, tenga kwanza fedha za tairi nzuri. Mwendo tutauzungumza ukishajua kusimama.