Taa Kuukuu za Jukwaani: Usalama wa Vifaa na Usahihi wa Istilahi katika Kumbi za Maonyesho

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi taa za jukwaani zinavyochakaa, hatari zitokanazo na uchakavu huo, na nafasi ya istilahi za Kiswahili katika kuzizuia. Hoja kuu ni kwamba ukaguzi wa taa ni kazi ya fundi, lakini maelekezo ya ukaguzi ni kazi ya lugha. Pale ambapo neno moja hubeba maana mbili, fundi anaweza kutii maelekezo yote na bado akadhurika.

Utangulizi

Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, Marekani, taa ya jukwaani iliwasha kitambaa cha pazia wakati onyesho likiendelea. Pazia la kuzuia moto lilikwama kabla ya kufika chini, na watu wasiopungua 602 walipoteza maisha. Ukumbi huo ulikuwa mpya. Ulifunguliwa Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo, chanzo cha maafa hakikuwa uchakavu, bali joto la taa lililokaribiana na kitambaa. Hatari hiyo ya asili imo katika kila taa ya jukwaani yenye joto kali. Uchakavu huiongeza, na huongeza nyingine juu yake.

Katika Afrika Mashariki, suala hili si la mbali. Ukumbi wa Taifa wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952, na ule wa Uganda mjini Kampala mwaka 1959. Tarehe ya jengo haithibitishi umri wa taa zilizomo, kwani taa hubadilishwa, huazimwa na hutolewa kama msaada. Hata hivyo, kumbi za shule, vyuo na makanisa hupokea vifaa vilivyokwisha kutumika kwingine, mara nyingi bila daftari la historia yake.

Namna taa inavyochakaa

Taa ya jukwaani yenye globu ya halojeni hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Globu ya wati 1,000 katika umeme wa volti 240 huvuta mkondo wa takriban ampea 4.2 kwa saa nyingi mfululizo. Joto hilo hukausha na kupasua mpira au plastiki inayofunika nyaya, hasa pale nyaya zinapoingia kwenye mwili wa taa. Fundi anapozigeuza ili kuelekeza mwanga, kifuniko hicho hukatika na shaba hubaki wazi.

Sehemu ya pili ni soketi ya globu. Vigusio vyake hupata kutu na hulegea. Iwapo ukinzani wa kigusio utafikia omu 0.5, mkondo uliotajwa utazalisha joto la takriban wati 9 mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Kigusio huungua, ukinzani huongezeka, na joto huzidi. Ndiyo maana globu mpya iliyowekwa kwenye soketi iliyoungua hufa mapema, na lawama huangukia globu.

Sehemu ya tatu ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Mwili wa taa nyingi za zamani ni wa chuma. Boliti ya ethi ikilegea, au ikifungwa juu ya rangi, taa itaendelea kuwaka kama kawaida. Kasoro haijitangazi hadi waya wenye umeme uguse mwili wa taa, na mtu aliye juu ya ngazi aguse mwili huo.

Sehemu ya nne ni uning'inizaji. Taa hufungwa kwa kibanio kwenye bomba lililo juu ya vichwa vya watu. Nyuzi za boliti hulika na vibanio hupata nyufa. Kwa sababu hiyo, taa huhitaji waya wa chuma au mnyororo wa pili wa usalama, uliozungushwa kwenye bomba na kwenye sehemu imara ya taa, pamoja na wavu wa kuzuia vipande vya lenzi iliyopasuka.

Mwisho ni asbestosi. Taa nyingi za miongo ya katikati ya karne ya 20 zilitumia nyaya zilizofumiwa asbestosi, au vibamba vyake, kwa kuwa madini hayo huhimili joto. Uingereza, chimbuko la taa nyingi za aina hiyo, ilikamilisha marufuku ya asbestosi mwaka 1999. Nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa kwa pumzi husababisha saratani na maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Haitambuliki kwa macho pekee. Taa inayoshukiwa haipaswi kukatwa, kusuguliwa wala kupulizwa vumbi. Itengwe, ifungwe, ishughulikiwe na mtaalamu.

Maneno yanayoweza kudhuru

Chukua agizo la kawaida: "Zima taa kabla ya kuifungua." Katika matumizi ya kila siku, taa iliyozimwa ni taa isiyotoa mwanga. Lakini taa za jukwaani hudhibitiwa na dima, na dima iliyoshushwa hadi sifuri inaweza kuacha volti kwenye nyaya ingawa globu ni giza. Fundi aliyezima taa ametii agizo, umeme haujaondoka. Agizo salama ni: "Chomoa plagi ya taa, kisha subiri ipoe." Tofauti kati ya kuzima na kutenganisha na umeme ni tofauti ya maana kabla ya kuwa tofauti ya ufundi.

Neno "taa" nalo hutaja globu, mwili mzima wa kifaa, na hata mwanga wenyewe. "Badilisha taa" inaweza kumwelekeza mmoja kubadilisha globu na mwingine kushusha kifaa kizima. Aidha, "globu" ya wasemaji wengi wa Tanzania ni "balbu" kwa wengi wa Kenya.

Tatizo zito zaidi ni rangi za nyaya. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, waya mweusi wa jengo ulikuwa nyutro, na wa buluu ulikuwa mmojawapo wa nyaya tatu za laivu. Katika mfumo ulioanza kutumika huko mwaka 2004, buluu ndiyo nyutro, na nyeusi ni mojawapo ya laivu. Katika mfumo wa Marekani, nyeusi ni laivu na nyutro ni nyeupe. Ukumbi uliokarabatiwa kwa awamu unaweza kuwa na mifumo hiyo pamoja. Kiswahili huongeza utata: baadhi ya wasemaji huchukulia kahawia na hudhurungi kuwa rangi moja, wengine mbili; buluu na samawati vivyo hivyo. Kwa hiyo, maelekezo yataje kwanza kazi ya waya, yaani laivu, nyutro au ethi, kisha rangi, na yaagize kupima kabla ya kugusa.

Mapendekezo ya kisera

Kwanza, kila ukumbi uwe na daftari ambamo kila taa ina namba, tarehe ya ukaguzi na matokeo ya kipimo cha mwendelezo wa ethi na cha uhami. Pili, vifaa vya msaada vikaguliwe kabla ya kupokewa, pamoja na volti yake. Globu ya volti 120 ikiwekwa kwenye umeme wa volti 240 inaweza kupasuka. Tatu, kubadili globu kuwa za LED kusihesabiwe kuwa tiba kamili. Joto hupungua, lakini kibanio chenye ufa, ethi iliyolegea na asbestosi hubaki palepale.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA na vyuo vya ufundi vikubaliane juu ya orodha fupi ya istilahi za umeme wa jukwaani, kwa kuanzia na maneno ambayo mafundi tayari wanayatumia. Laivu, nyutro na ethi zimeshazoeleka. Kuziondoa kwa ajili ya usafi wa lugha kungeongeza hatari badala ya kuipunguza.

Hitimisho

Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Hadhi hiyo hupimwa pia mbali na kumbi za mikutano: kwenye kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa taa kuukuu, kinachosomwa na kijana aliye juu ya ngazi muda mfupi kabla ya onyesho. Kibandiko hicho kikisema "zima" pale kinapopaswa kusema "chomoa", usanifu wa sarufi yake hautamwokoa.